MAFUTA YA KONDOO: KWA NINI YA HUYU YANAGANDA NA YA YULE YANABAKI LAINI?



Leo somo ni la wewe unayeuza mafuta ya kondoo. Uwe unauza kwenye chupa za maji pale stendi, uwe na kibanda sokoni, uwe unayatuma Dar es Salaam au Dodoma kwa basi, hili linakuhusu. Ni refu kidogo, lakini lisome lote, maana linagusa mtaji wako.

Kuna maneno matatu ambayo kila muuza mafuta ya kondoo ameshaambiwa na mteja:

"Mbona yale ya mwezi uliopita yalikuwa maji maji, haya yameganda kama jiwe?"

"Mbona juu ni mafuta, chini ni kama uji? Umechanganya nini humu?"

"Haya siyo ya kondoo. Haya umetia mafuta ya kula."

Ukishindwa kujibu, mteja amekwenda. Na akienda haendi peke yake, anaondoka na jirani zake wote, kwa sababu mafuta haya yanauzwa kwa kuaminiana. Hakuna anayeyajua kwa macho. Sasa habari njema ni kwamba maswali yote matatu yana majibu, na majibu hayo yanaanzia kwa kondoo mwenyewe: ni kondoo wa aina gani, mafuta yametoka sehemu gani ya mwili, na alikuwa anakula nini. Twende taratibu.

1. MAFUTA NI MCHANGANYIKO, SIYO KITU KIMOJA

Ukiyaangalia kwenye chupa unaona kitu kimoja. Ukweli ni kwamba humo ndani kuna vitu vingi vidogo vinavyoitwa asidi za mafuta. Usiogope jina, siyo asidi ya betri. Kwa kondoo, tatu ndizo zinabeba sehemu kubwa:

Oleiki. Hii ndiyo nyingi kuliko zote, mara nyingi ni theluthi moja ya mafuta au zaidi. Ikiwa peke yake inaganda baridi ikifika nyuzi 13 hivi, kwa hiyo kwa joto la kawaida la mchana ni maji.

Palmitiki. Hii ni kati ya moja ya tano na robo ya mafuta. Ikiwa peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, kwa hiyo kwenye meza yako ni ngumu.

Steariki. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, inayeyuka kwenye nyuzi karibu 70 ikiwa peke yake. Na hii ndiyo inayopanda na kushuka sana kutoka kondoo mmoja hadi mwingine, na kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine.

Kwa nini moja ni ngumu na nyingine ni maji? Fikiria unapanga kuni. Kuni zilizonyooka zinalala vizuri, zinabanana, mzigo unakuwa imara. Kuni zilizopinda hazibanani, zinaacha nafasi, mzigo unalegea. Steariki na palmitiki ni kuni zilizonyooka. Oleiki imepinda katikati. Mafuta yenye kuni nyingi zilizonyooka yanabanana na kuganda mapema. Yenye kuni nyingi zilizopinda yanabaki laini.

Kwa hiyo mteja anapouliza "mbona yameganda," swali lake kwa lugha ya kitaalamu ni hili: kuna steariki kiasi gani na oleiki kiasi gani? Basi.

2. KWA NINI KONDOO ANAKUWA NA MAFUTA MAGUMU WAKATI ANAKULA MAJANI?

Hili linashangaza watu. Majani mabichi yana mafuta kidogo, na mafuta hayo ni laini kabisa, ya kundi moja na mafuta ya mbegu. Sasa inakuwaje kondoo anakula laini anatoa gumu?

Jibu liko kwenye tumbo lake kubwa, lile la kwanza. Mle ndani kuna mabilioni ya vijidudu vinavyomsaidia kusaga majani. Vijidudu hivyo vinayashika mafuta laini ya majani na kuyanyoosha, mpaka sehemu kubwa inakuwa steariki. Ndiyo maana ng'ombe, mbuzi na kondoo, wote wanaocheua, mafuta yao yanaganda kuliko ya kuku.

Lakini kondoo hakuishia hapo. Mafuta yakishafika mwilini, kuna kimeng'enya kinachoichukua steariki na kuipinda tena iwe oleiki. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi sawa kila mahali. Kwenye mkia na chini ya ngozi kinafanya kazi zaidi. Kuzunguka figo kinafanya kazi kidogo. Na nguvu yake inatofautiana pia kati ya aina moja ya kondoo na nyingine, kwa sababu ni jambo la kurithi.

Hapo ndipo tunafika kwenye somo lenyewe.

3. AINA YA KONDOO INAINGIAJE HAPA?

Kwenye mkoa wetu wa Manyara utakutana na makundi haya:

Kondoo wa kienyeji wenye mkia wa mafuta. Hapa yumo kondoo mwekundu wa Kimasai, yule mwenye nywele badala ya sufi, mkia mnene, anayefahamika kwa kustahimili minyoo ya tumbo. Wamo pia kondoo wa kienyeji wanaofugwa na Wabarbaig, Wairaqw, Wagorowa na Wambugwe, wengi wakiwa na mikia mirefu yenye mafuta.

Kondoo wa kichwa cheusi, Blackhead Persian. Jina linasema Persia lakini asili yake ni Somalia. Alipelekwa Afrika Kusini karne ya 19, akazalishwa kule. Huyu mafuta yake mengi yako kwenye matako, juu ya kikia kifupi.

Dorper na machotara wake. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kupandisha Dorset Horn kutoka Uingereza na huyo huyo Blackhead Persian. Alitengenezwa kwa ajili ya nyama: anakua haraka, ana mwili mkubwa. Mkia wake siyo ghala la mafuta kama wa kondoo wa kienyeji.

Sasa tofauti zao zinaingia kwenye chupa yako kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: mahali pa kuweka akiba. Kondoo wa mkia mnene anaweka akiba yake ya kiangazi kwenye mkia. Kondoo asiye na mkia wa mafuta anaweka zaidi chini ya ngozi, tumboni na kuzunguka figo. Mkia uko nje, unapigwa na upepo, una ubaridi kuliko ndani ya mwili. Mafuta yake yana oleiki zaidi na steariki kidogo, yanabaki laini hata kukiwa na baridi. Figo ziko ndani kwenye joto la nyuzi 39 hivi, kwa hiyo mafuta yake yanaweza kuwa na steariki nyingi bila kumletea kondoo shida. Tofauti siyo ndogo: kwenye mafuta ya figo steariki inaweza kufika robo au kuzidi, kwenye mkia ikashuka karibu na moja ya kumi.

Njia ya pili: kiasi cha unono. Kuna kondoo wanaonenepa mapema na kuna wanaochelewa. Kadiri kondoo anavyonenepa ndivyo mafuta ya ndani ya nyama yanavyobadilika: zile asidi laini kabisa, za aina inayopatikana kwenye majani na mbegu, zinapungua kwa uwiano, kwa sababu zimo zaidi kwenye kuta za chembe za nyama, na kuta hizo haziongezeki sana kondoo anapojaza akiba. Kule Uingereza watafiti waliwalinganisha Soay, kondoo wadogo wa asili wa visiwa vya Scotland, na Suffolk wa kisasa. Wale wadogo wakaonekana kuwa na asidi laini nyingi zaidi kwenye nyama. Sehemu ya sababu ni ukondefu wao, siyo damu yao tu.

Njia ya tatu: kile kimeng'enya cha kurithi. Hii ndiyo tofauti ya damu yenyewe. Ipo, lakini mara nyingi ni ndogo kuliko ya sehemu ya mwili na chakula.

Shika jambo hili, maana wauzaji wengi wanakosea hapa: AINA YA KONDOO INA MCHANGO, LAKINI SEHEMU YA MWILI NDIYO INAYOTANGULIA. Mafuta ya figo ya kondoo wa Kimasai yataganda kuliko mafuta ya mkia ya kondoo huyo huyo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mimi nauza ya Kimasai tu, hayagandi," muulize: ya mkia au ya ndani?

4. CHAKULA NAYO

Kondoo wa majani tupu na kondoo aliyenenepeshwa kwa pumba na mashudu hawatoi mafuta sawa. Wa majani ana zaidi zile asidi za kundi la omega 3, ingawa ni kidogo kwa jumla. Wa nafaka nyingi anaweza kuwa na mafuta laini zaidi, na wakati mwingine harufu inabadilika.

Harufu ile ya kondoo nayo inatokana na asidi za mafuta, ndogo ndogo za aina ya peke yake zenye matawi. Zinakuwa nyingi zaidi kwa dume mzee asiyehasiwa. Mteja asiyependa harufu, mpe mafuta ya kondoo mdogo au jike.

5. HALI YA HEWA YA HAPA KWETU INAKUCHEZEA

Chukua chupa moja ya mafuta ya kondoo. Ipeleke Magugu, kule bondeni kwenye mpunga na joto. Mchana yatakuwa maji. Chupa hiyo hiyo ipandishe Bashnet au Dareda juu mwezi wa Juni au Julai. Asubuhi utaikuta imeganda. Mafuta hayajabadilika, kilichobadilika ni joto.

Linganisha na mafuta ya alizeti, ambayo sisi na Singida ndiyo zao letu. Alizeti imejaa asidi zilizopinda mara mbili, kuni zilizopinda vibaya kabisa. Ndiyo maana hayagandi hata Bashnet. Mteja aliyezoea alizeti anadhani mafuta yote yako hivyo. Mweleze. Tena mwambie hivi: mafuta ya kondoo ambayo hayagandi kabisa, popote, msimu wowote, hayo ndiyo ya kuyatilia shaka.

Na yale ya "juu maji, chini uji"? Ni kitu cha kawaida. Mafuta yakipoa polepole, zile ngumu zinaganda kwanza na kuzama, laini zinabaki juu. Siyo lazima mtu awe amechanganya kitu. Dawa yake ni kuyakoroga yanapopoa na kuyapoza haraka, mfano kwa kuweka sufuria kwenye beseni la maji baridi. Yanatoka laini, hayana chenga.

6. SASA UFANYE NINI? HATUA KWA HATUA

(a) Nunua kwa kuuliza. Machinjioni au buchani uliza maswali matatu: kondoo gani, sehemu gani, mzee au mdogo? Usikubali kuwekewa mchanganyiko kwenye mfuko mmoja. Beba ndoo mbili: moja ya mkia na matako, moja ya ndani, yaani ya figo na ya utumbo.

(b) Yeyusha kando kando. Katakata vipande vidogo, weka maji kidogo chini ya sufuria mwanzoni, moto mdogo. Moto mkali unaleta moshi, rangi ya kahawia na harufu. Endelea mpaka yaache kutoa mapovu, maana mapovu ni maji yanayotoka. Maji yakibaki ndani, mafuta yanaharibika mapema. Chuja kwa kitambaa cheupe safi.

(c) Chagua chombo kwa mafuta. Ya mkia yanaweza kukaa kwenye chupa. Ya ndani weka kwenye kopo la mdomo mpana, mteja achote kwa kijiko. Ukiyaweka kwenye chupa ya mdomo mdogo, Julai mteja ataibamiza chupa mpaka aitupe, na hatarudi. Subiri pia yapoe kidogo kabla ya kumimina, chupa ya plastiki inajikunja kwa joto.

(d) Andika. Karatasi ndogo tu: MAFUTA YA KONDOO, YA MKIA, tarehe uliyoyeyusha, na mstari mmoja: "Yanaganda kwenye baridi. Weka chupa kwenye maji ya moto dakika chache." Mstari huo mmoja utakuokoa na ugomvi mwingi. Wahenga walisema biashara haigombi.

(e) Kila mafuta yapelekwe kwenye kazi yake. Ya mkia ni mazuri kwa kupikia na kupaka. Ya figo, kwa ugumu wake, yanafaa sana kutengenezea sabuni ya mche, kwa sababu steariki na palmitiki ndizo zinazoipa sabuni ugumu isiishe haraka. Kwa hiyo usiyachanganye ili "yasionekane." Mafuta magumu hayana kosa, yamekosa tu soko lake sahihi.

(f) Yatunze mbali na jua. Mwanga, joto na hewa vinaharibu mafuta, na yaliyo laini ndiyo huwahi kuharibika. Jaza chupa mpaka karibu na kifuniko, weka kivulini. Zile chupa za maonyesho juani ziwe moja au mbili, siyo mzigo wote.

7. HESABU KIDOGO

Lita moja ya mafuta yaliyoyeyuka ina uzito wa gramu 900 hivi, siyo kilo moja. Ukinunua kwa kilo na kuuza kwa lita, kumbuka hilo.

Namba hizi ni za kufundishia tu, weka za kwako. Tuseme umenunua kilo 10 za mkia kwa shilingi 5,000 kila kilo: 50,000. Mkaa 4,000. Nauli 3,000. Umeyeyusha ukapata lita 8, sawa na chupa 16 za nusu lita. Chupa 300 kila moja: 4,800. Jumla 61,800. Gawa kwa 16, kila chupa imekugharimu karibu 3,860. Ukiuza 4,000 unajidanganya, hujalipa hata muda wako.

Fanya hesabu hiyo mara mbili, moja ya mkia na moja ya ndani, kwa sababu makapi yanayobaki hayalingani. Pima kila ukiyeyusha, andika kwenye daftari. Baada ya miezi michache utajua kondoo wa nani anakulipa na wa nani anakula mtaji.

8. MAMBO YA KUTOSEMA KWA MTEJA

Hapa tuwe wakweli. Watu wengi wananunua mafuta haya kwa ajili ya kifua cha mtoto. Wewe ni muuza mafuta, siyo daktari. Usiandike "yanatibu" kwenye chupa.

Na kuna jambo la hatari: mama akimlazimisha mtoto mchanga kumeza mafuta, au akiyadondoshea puani, yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumletea nimonia mbaya. Mama akikwambia anataka ya kumnywesha kichanga, mwambie: "Mama, usimnyweshe wala usimtie puani. Kama anakohoa na anapumua haraka, mpeleke kituo cha afya leo hii." Utapoteza chupa moja, utaokoa mtoto.

Kwa watu wazima pia, kumbuka mafuta haya yana palmitiki ya kutosha, na palmitiki inapandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Mtu mwenye presha au ugonjwa wa moyo afuate ushauri wa daktari wake. Usimwambie "haya ni ya asili, kunywa tu."

9. UKITAKA KUKUA

Kama unataka kuingia madukani, utahitaji nembo ya ubora. Tangu 2019 kazi ya kusimamia vyakula na vipodozi iliyokuwa TFDA ilihamia TBS. Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa hapa Babati, waulize utaratibu kwa mjasiriamali mdogo. Nenda na sampuli zako zikiwa zimetenganishwa, mkia peke yake na ndani peke yake. Bidhaa inayotoka sawa kila mara ndiyo inayopita kwenye vipimo. Bidhaa ya "leo hivi, kesho vile" inakwama.

Na kama umechokozwa na mtu anayesema umechanganya mafuta, usibishane naye kwa kipimo cha friji wala cha kuwasha utambi. Vipimo vya nyumbani haviwezi kuthibitisha. Ni maabara tu inayoweza kusoma zile asidi na kusema haya ni ya kondoo au la. Chako wewe ni kumwonyesha ndoo mbili, daftari lako na tarehe. Mtu akiona unajua mafuta yako yametoka kwa kondoo gani na sehemu gani, anatulia.

KWA KIFUPI:

- Steariki ikizidi, yanaganda. Oleiki ikizidi, yanabaki laini.
- Aina ya kondoo inaamua akiba inakaa wapi. Kondoo wa mkia mnene anakupa mafuta laini mengi zaidi.
- Mkia na figo visichanganywe.
- Baridi ya Juni haijaharibu mafuta yako. Mweleze mteja kabla hajakuuliza.
- Usiuze mafuta kama dawa.

Wewe unayeuza mafuta ya kondoo, wateja wako wanakuuliza nini zaidi? Tuandikie hapo chini. Na kama una mwenzako pale sokoni ambaye kila Julai anagombana na wateja, mtumie somo hili kabla baridi haijaanza.

Biashara njema!